Koki Niliyokatazwa Kuifunga

Bomba la bafuni kwangu lilianza kuvuja mwaka uleule mama alipopata kiharusi. Mama nilimchukua mimi, bila kusukumwa na mtu. Nilimweka chumba cha mbele, nyumbani kwangu Chanika ya hapa Handeni, nikawa namwogesha mara mbili kwa siku: asubuhi kabla sijaenda kwenye cherehani yangu, na jioni nikirudi. Mtu ambaye upande mmoja wa mwili haufanyi kazi hujichafua, na sioni aibu katika hilo, ila maji yanahitajika, tena mengi. Na maji ya Handeni, anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Mtaani kwetu yalikuwa ya mgao, Jumamosi kwa Jumamosi Mungu akijalia. Usipojaza tanki siku hiyo, wiki nzima utazunguka na madumu.

Tanki langu lilikuwa linajaa Jumamosi, na Jumanne linalia tupu. Tanki zima, nyumba ya wanawake wawili!

Kila aliyeingia kwangu alikuwa na jibu. Ni lile bomba la bafuni, wakasema. Lilikuwa linadondosha usiku na mchana, na mimi nilikuwa nimelifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli kama watu wote tunavyofanya, nikilikaza zaidi kila wiki. Nilivyokaza ndivyo lilivyozidi kuvuja. Sikujua wakati ule kwamba kukaza ndiko kunakoikata raba ya ndani. Nilitega ndoo chini yake, nikawa nafulia maji yale nguo za mama, lakini ndoo hiyo haikunitetea mbele ya mtu.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumba yake imepakana na yangu kwa upande wa chini, ndiye aliyelipeleka jambo hilo kwa mjomba. Mjomba anaishi Kwedizinga, na tangu baba afariki yeye ndiye anayetukalisha kunapotokea jambo. Alikuja, tukakaa mkekani ukumbini, mama akiwa ameegeshwa kwenye kiti chake na mito miwili.

"Dada anajitahidi, mjomba," mdogo wangu alisema, kwa sauti ya huruma kabisa. "Lakini maji hajui kuyatunza. Mgonjwa anataka maji. Leo yapo, kesho hayapo, mama anakaa na uchafu mpaka jirani aamke awaazime maji."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi, mzembe! Nilimtazama mama anitetee, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umesharudi na maneno alikuwa anayapata vizuri. Mama aliinamisha kichwa akautazama mkeka. Nikajiambia, maskini, anaona haya kwa niaba yangu.

Mjomba akanipa mwezi mmoja. Maji yakiendelea kuisha katikati ya wiki, mama atahamia kwake Kwedizinga, ambako kisima kiko karibu na nyumba. Mjomba si mtu mbaya. Ila nyumbani kwake kila mtu yuko shambani tangu alfajiri, na niliona wazi jinsi itakavyokuwa: mama amelazwa chumba cha uani, anageuzwa asubuhi na jioni tu, mgongo unafanya vidonda, na mimi napigiwa simu siku ambayo simu haina faida tena. Nilikuwa tayari kupigana na bomba lile kwa meno.

Nilitaka kuita fundi. Mdogo wangu akacheka. "Fundi wa nini, dada? Raba tu hiyo. Wewe unayeshona koti la harusi unashindwa na raba?" Akaniletea spana yake, na akanipa maelekezo mawili. La kwanza, nifungue kichwa cha bomba taratibu nisije nikavunja kigae. La pili alilirudia mara tatu: nisiiguse koki ya kwenye tanki. Ni ya zamani, alisema, tangu enzi za fundi wa kwanza, ukiizungusha itakatika na maji yote yatamwagika. Kwa hiyo nisubiri tanki likauke lenyewe, ndipo nifungue bomba.

Nilimsikiliza. Nilisubiri Jumanne, tanki likakauka, nikavua kanga ya juu nikaingia bafuni na spana. Mdogo wangu alikalia ndoo mlangoni akinichekesha.

"Dada, ukimaliza hapo uje unitengenezee na gari."

"Gari gani? Wewe una gari?"

"Nikilinunua."

Tulicheka mpaka mama akauliza kutoka chumbani tunacheka nini. Kichwa cha bomba kilitoka, na ndani nikaikuta ile raba, imeliwa upande mmoja, nyembamba kama kucha. Duka la jirani halikuwa na nyingine, nikachukua ndala yangu kuukuu, nikakata kiduara kwenye kisigino kwa mkasi wa kushonea. Mafundi cherehani wenzangu wanajua hiyo ni dhambi ya kiasi gani. Mkasi ule haukukata hariri tena. Lakini kiduara kiliingia, nikafunga, na Jumamosi maji yalipotoka bomba halikudondosha hata tone. Nilimwita mama kwa furaha kana kwamba angeweza kuja kuona.

Jumamosi iliyofuata likaanza tena. Na tanki, kama kawaida, lilikuwa limekauka Jumanne. Hilo la pili lilipaswa kunishtua, kwa maana siku tatu zile bomba lilikuwa kavu. Lakini mtu akishaambiwa na kila mtu kwamba yeye ni mzembe, anaanza kujitafutia uzembe. Nikajilaumu kwa kudeki. Nikajilaumu kwa kufua mashuka mara nyingi. Nikaanza kumwogesha mama kwa kitambaa na beseni moja, huku namwomba radhi, naye ananiambia, "Hakiharibiki kitu, mwanangu, yatosha."

Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi ule uishe. Niliamua kubadilisha bomba lote. Hapa kwetu niliyoyaona yalikuwa yale mepesi yanayong'aa dukani na kuota kutu bafuni, kwa hiyo nikamwachia jirani mama, nikapanda gari la asubuhi kwenda Korogwe. Duka nililoingia liko karibu na stendi. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani, nikamwamkia, akaniuliza fundi wangu amenituma saizi gani.

"Fundi ni mimi, mzee."

Alinitazama juu mpaka chini. Nikatoa futi yangu ya kushonea, nikamwonyesha nilipoweka alama. Alicheka sana, lakini kicheko cha heshima, akanitolea bomba la shaba, zito, la nusu inchi. Akanifundisha kuzungusha ile tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba, nifuate upande ambao bomba linafungwa, nisirudi nyuma. "Na ukifika nyumbani," akasema, "anza kufunga koki ya tanki."

Nikamwambia koki yetu ni mbovu, haiguswi.

"Koki ya tanki haiguswi?" akasema. "Basi iliwekwa ya nini?"

Nilirudi na swali hilo njia nzima. Ilikuwa Jumatatu. Nilimkuta mama amejichafua na jirani ameshindwa kumwinua, na tanki lilikuwa na maji robo. Kusubiri yakauke kulimaanisha mama akijichafua tena alale hivyo, na mgao ulikuwa mbali. Nikamsafisha kwanza. Halafu nikachota ndoo mbili za akiba, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mnara wa tanki, nikashika ile koki huku nimekunja uso nikingoja ikatike.

Ilizunguka laini kama kifuniko cha chupa. Nilipoinama kuitazama, ilikuwa mpya, na pembeni tepu nyeupe ilikuwa bado inaonekana. Sikuelewa. Nilirudi bafuni nikalitoa bomba kuukuu, nikazungusha tepu kama nilivyofundishwa, na nilikuwa nafunga lile jipya niliposikia wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ananiita kutoka upande wa pili wa ua.

"Wifi! Na kwako maji yamekatika? Mimi yamenikatikia nina sabuni mikononi!"

Nilibaki nimeshika spana. Kwao walikuwa na bomba moja uani, na mume wake alitutangazia wote kwamba ameunganishiwa laini kubwa ya mjini inayotoa siku tatu mfululizo, wakajaza mapipa. Nilimwamini. Nilimwonea hata wivu kidogo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaifungua koki, nikahesabu mpaka ishirini.

"Yamerudi!" wifi akaita, kwa furaha isiyo na hatia yoyote.

Nikachukua jembe. Chini ya mnara, shubiri moja tu, nikakutana na mpira mweusi wa maji, umeungwa kwenye bomba langu baada ya koki, umelala vizuri kwenye mtaro wake ukielekea ua wa mdogo wangu. Nyumba yake iko bondeni, maji yalikuwa yanateremka yenyewe bila kusukumwa. Nilifukua kwa hasira huku nalia kwa sauti. Mtu aliyekalia ndoo yangu akanichekesha! Mtu aliyenipa spana! Angekuja akasema, dada, nina shida ya maji, ningemfungia mpira huo mwenyewe. Badala yake aliniibia, halafu akanishtaki kwa kuibiwa.

Niliingia chumbani kwa mama na udongo mpaka magotini. Nilitaka kuwa wa kwanza kumwambia, tena nilikuwa naogopa, maana habari kama hiyo juu ya mwanawe wa kiume ingeweza kumwangusha tena. Nilikaa pembeni ya kitanda nikaushika ule mkono wake mzima.

"Mama," nikasema, "nimefukua nyuma kule kwenye tanki."

Kabla sijaongeza neno, mama akaniuliza, "Umefukua mpaka wapi?"

Mama aliona uso wangu, akaanza kuongea haraka, Kizigua na Kiswahili vikichanganyika, kama afanyavyo akitaka kubembeleza. Alisema mdogo wangu alikuja na watu wawili siku niliyokuwa kwenye cherehani. Alisema alikaa ukumbini kwenye kiti chake, kwenye dirisha la nyuma, akawatazama mpaka wakamaliza. "Nilimwambia afukie vizuri," mama akasema. "Nilimwambia usije ukajikwaa."

"Mama, nilipoitwa mzembe mbele ya mjomba ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unajua."

"Yeye ni mwanamume, mwanangu. Mke wake angemwonaje, nyumba haina maji? Wakwe wangemwonaje? Wewe umezoea kubeba."

Niliuachia mkono wake. Nilijua kuibiwa na mdogo wangu kunaumaje, nilikuwa nimetoka kulilia jambo hilo huko nje. Hili halikuwa na kilio. Nilikuwa nimemwogesha kwa beseni moja, nikimwomba radhi, na yeye anajua maji yako wapi.

Mjomba alikuja siku ileile tuliyopangiana. Mtaro niliuacha wazi makusudi, atakayeona aone. Tulikaa ukumbini, mdogo wangu kainama, na mimi nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, kila neno na mahali pake. Sikupata nafasi. Mama alitangulia.

"Ule mpira ni mimi niliyemruhusu," akasema. "Maji ni ya wanangu wote."

Kwetu mama akishasema mbele ya mjomba, mtoto hampingi. Unaweza kuwa na ushahidi wa urefu wa ua mzima, utakaa nao. Mjomba alinitazama, na nadhani alielewa zaidi ya alichosema, kwa sababu alimwagiza mdogo wangu auondoe mpira ule leo hii, kisha akasema basi, yamekwisha. Akamgeukia mama akamuuliza anataka kukaa wapi.

"Hapahapa kwa binti yangu," mama akasema. "Yeye ndiye anayejua kunishika."

Nilipata nilichokipigania. Mdogo wangu alikuja baadaye akapiga magoti jikoni, tukalia wote, na leo tunataniana tena kama zamani, ingawa spana yake sijaiazima. Yeye nilimsamehe kwa kuwa aliniomba. Mama hajaniomba, maana kwa hesabu zake hakuna alichonikosea. Kila asubuhi namwinua, namweka kwenye kiti cha bafuni, namwogesha kwa maji ya kutosha, nikipita kila mahali panapohitaji, bila haraka. Siku hizi nikimgusa, mama hufumba macho. Zamani tulikuwa tunaongea.