Magongo Aliyoyaona Mama

Wiki tano nimemficha mama. Leo nimeumbuka.

Kanipigia simu ya video kutoka Tanga. Nimekaa kitandani kama kawaida, aone uso tu.

Mara mwenzangu wa chumba huyo, anapita nyuma yangu kabeba magongo yangu!

"Ya nani hayo?"

Jamani. Mtu mzima nilitamani kuingia chini ya blanketi.

Nikasema kweli. Kule Kensington, hapa hapa Joburg, gari lilipita robot, taa za barabarani, ikiwa nyekundu, likanigonga nikiwa kwenye pikipiki napeleka chakula cha watu. Aliyenigonga akakimbia. Helmeti nilivaa, ndiyo sheria, na kichwa kizima. Mguu ndio uliovunjika. Kampuni wakasema mimi si mfanyakazi wao, ninajitegemea. Basi na matibabu nijitegemee.

Nikangoja anikaripie.

Akacheka! Akasogeza simu nyuma kidogo. Mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kanga.

"Nilianguka na bodaboda, mwezi sasa. Sikutaka ukose usingizi huko ugenini."

(Wenzangu wa Joburg mnaodanganya nyumbani, semeni hapa, nisiaibike peke yangu.)

Nikamuuliza, sasa nani anakuchotea maji?

"Yule yule mwenye bodaboda niliyeanguka naye. Hajakosa hata asubuhi moja. Leo kaja na mkewe, wamenipikia uji."

Nilitamani huo uji, we acha tu.

Kisha mama akauliza, bila utani kabisa:

"Na huyo aliyekugonga wewe, siku ile alikimbia kwa hofu tu, sasa huwa anakuja saa ngapi?"

Nikamwambia mtandao unakatakata.