Kwa Mkono wa Nabintu

Ninyi wenzangu mliokunywa maji ya ziwa kwa kibuyu, kabla bomba halijafika mtaa wetu wa Murara, mtanielewa upesi. Hao wengine wanaofungua robine na kununa maji yakichelewa saa moja, wavumilie kidogo tu, nao watafika.

Tulipokuwa wadogo, Goma ilikuwa mji wa mawe meusi na watu wachache, wala haukuwa na mto au chemchemi. Mvua ikinyesha, mawe ya volkano yaliyanywa maji yote kabla hujatoa sufuria nje. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa ziwani. Maji ya kupikia, ya kuogea, ya kukandia udongo wa kuta, yote tuliyafuata huko, na tulirudi na mengine ambayo hatukuyaendea: habari za nani amejifungua, dawa ya kikohozi, na mara nyingine konzi la mama wa jirani aliyekukuta ukimtukana mwenzio. Wazungu walikuwa na upande wao wenye maua na ngazi za kushukia majini. Sisi tulikuwa na upande wetu wa mawe, na sikumbuki hata siku moja niliyotamani ule wao.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mapema asubuhi utawaona akina mama wakishuka na mabeseni kichwani, nasi watoto nyuma na viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye majani ya mgomba. Jua likipanda, kila jiwe lilikuwa limevaa nguo. Mawe yale meusi yalishika joto vizuri, shuka ilikauka huku ukiitazama. Tulisuguliwa visigino kwa yale mawe mepesi yanayoelea, tukapiga kelele, kisha tukaachiwa tuogelee mpaka midomo itetemeke. Ziwa letu halina mamba wala kiboko. Binamu zetu wa Vitshumbi, wanaoishi na viboko mlangoni, walipotutembelea walisimama ukingoni wakitutazama kwa mashaka, nasi tukajiona mashujaa. Vijana wa leo nao huenda ziwani, sikatai. Huvua viatu, hupigwa picha, huvaa viatu.

Ila mama yangu hakuwa mtu wa ziwa. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, watu wa ng'ombe. Baba, aliyekuwa seremala, alipopata kazi Goma tulishuka na sufuria mbili, mkeka, ng'ombe mmoja aitwaye Bihogo na ndama wake Gaju. Tulijenga nyumba ya mwisho kabisa nyuma ya Murara ili ng'ombe apate nafasi. Mama alikuwa amelelewa kwamba mwenye ng'ombe hali samaki. Akila, maziwa yatakauka kwenye kiwele. "Samaki na maziwa havilali nyumba moja," alituambia, na tulipopita karibu na mtu anayekaanga samaki alijifunika pua kwa kitambaa mchana kweupe, watu wote wakimwona.

Unaweza kukisia alivyopendwa. Ziwani alifua peke yake, kule mwisho upande wa magharibi, ambako hapakuwa na mtu. Wenzake walimwita "mama wa ngombe", naye alisikia na hakugeuka. Nilidhani ni kiburi. Leo najua kwamba nusu yake ilikuwa upweke, kwa sababu nilimsikia zaidi ya mara moja akimwambia baba, "Yosefu, unirudishe ku Masisi. Huku hakuna mutu ananijua."

Jumamosi moja, nikiwa na miaka minane hivi, tulishuka mapema kuliko siku zote. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mama alikuwa na beseni, mimi nilikuwa na Petero mgongoni, mdogo wangu wa miezi minane, na mkononi kamba ya Gaju. Kule kwetu mwisho, hatua chache kutoka majini, palikuwa na bonde dogo kama bakuli, na ndani yake nyasi ndefu, za kijani, ambazo hazijaguswa na mbuzi wa mtu yeyote. Mama alizitazama akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu tuhamie Goma.

"Batu ba huku habajue nyasi," alisema. "Shusha Gaju pale ashibe."

Mtu yeyote aliyezaliwa kando ya ziwa lile angejiuliza kwanza kwa nini nyasi nzuri hivyo zimeachwa. Sisi wa milimani tukiona nyasi tunaona baraka. Nilimshusha ndama, nikafunga kamba kwenye jiwe la juu. Petero alikuwa mzito na alikuwa amesinzia, kwa hiyo nilimtandikia kitambaa mle mle chini, karibu na ndama, nikapanda ukingoni kucheza vijiwe. Ni mimi niliyemlaza. Mama hakuniambia nimlaze.

Gaju alikula kidogo, kisha akapiga magoti, akalala. Nilifikiri ameshiba.

Aliyeona ni Mama Nabintu, mke wa mvuvi, mwanamke mnene wa kisiwa cha Idjwi aliyekuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa. Alikuwa mbali, anakamua nguo pamoja na wenzake, na kilichomshtua ni kuona ndama amelala saa ya kula.

"Mazuku!" akapiga yowe. "Ee mutoto, toka pale! Mazuku!"

Sikulijua neno lile. Ninyi mnalijua: ile hewa mbaya itokayo ardhini, isiyo na rangi, inayojaa mabondeni asubuhi kabla ya upepo na kuua anayelala chini. Niliwaona wanawake wote wakitupa nguo majini na kuja mbio juu ya mawe yale makali, miguu mitupu. Nikageuka nimfuate Petero. Mmoja wao akanidaka kwa gauni, akanitupa nyuma. Mama Nabintu alivuta pumzi ukingoni, akafunga mdomo, akashuka. Alimnyakua Petero kwa mkono mmoja, akapanda naye uso ukiwa umevimba, akapitiliza moja kwa moja mpaka majini.

Petero alikuwa amelegea, shingo haishiki kichwa. Mama yangu alikuwa amesimama na shati la baba mkononi, likidondosha povu, na alikuwa akisema "Yezu wee, Yezu wee," kwa sauti ndogo sana. Mama Nabintu alimwinua mtoto kuelekea ziwa wazi, akamnyunyizia maji usoni, akampiga mgongo, akamwinua tena. Ndipo upepo wa kwanza wa asubuhi ukaja kutoka majini, na mdogo wangu akakohoa, akalia kilio kibaya cha hasira. Sijawahi kusikia wimbo mzuri kuliko ule.

Wengine walikuwa tayari wameshika kamba, wakamvuta Gaju kutoka juu bila mtu kushuka. Alipigwa upepo kwa kanga mpaka akasimama, akitetemeka. Kisha tukaingia majini watoto wote kuokoa nguo zilizokuwa zinaelekea Rwanda. Tulizipata karibu zote. Kitenge kimoja kilikwenda, kile kizuri cha Mama Nabintu cha kanisani, naye hakukitaja siku ile wala siku nyingine.

Alimwekea mama mtoto kifuani, akamwambia tu, "Mama, ngombe yenye ilikulaka pale haikurudiaka. Kuya ufulie huku, karibu na bengine."

Mchana ule alikuja nyumbani kwetu na bakuli lililofunikwa. Wakati huo sambaza hawakuwamo ziwani, hawa wadogo mnaowanunua leo kwa kopo. Samaki walikuwa wachache, na mvuvi akikupa mmoja mzima alikuwa amekupa kitu. Mama alifunua, akaona kichwa na macho. Baba alitazama dari. Mama Nabintu alikaa kwenye kigoda akisubiri, kama mtu asiyejua chochote kuhusu watu wa ng'ombe, ingawa mji mzima ulijua.

Mama alinawa mikono. Akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Kwa mukono ya Nabintu," akafumba macho, akala.

Kesho yake kabla ya misa tulimzunguka Bihogo sote, hata baba. Mama alikamua. Maziwa yalitoka kama kawaida, pengine zaidi, na mama akacheka mpaka akaegemea ubavu wa ng'ombe. Kibuyu cha kwanza nilikipeleka mimi kwa Mama Nabintu. Tangu hapo samaki walipanda Murara na maziwa yakashuka ziwani, na habari ya kurudi Masisi sikuisikia tena.

Mwaka jana nilimpeleka Petero kuona mahali pale. Ana kipara na wajukuu sasa. Pamejengwa ukuta mrefu, na sentinele, mlinzi wa humo, alitoka kutuuliza tunamtafuta nani. Nikasikiliza kama kuna watu wanafua. Nikasikia mashine ya kuvuta maji. Petero aliugonga ukuta kwa kidole.

"Dada, leo mutoto akilala mule, nani atamuona?"

Maji ninayo nyumbani, namshukuru Mungu, mgongo wangu haubebi tena beseni. Lakini robine haina macho, na haikimbii juu ya mawe.

Nyumbani kwangu bado tunasema maneno ya mama kila tunapokula samaki. Wajukuu zangu huyasema haraka haraka, simu mkono mmoja, kijiko mkono wa pili, kisha wanajibu "Amina". Wanadhani Nabintu ni mtakatifu wa kanisani. Sijawasahihisha.