Koti Jeupe la Kitinda

Mdogo wangu anasomea fizikia, na kwa muda mrefu sikujua fizikia yenyewe ni ipi. Nilidhani ni nyaya na sumaku. Kumbe anashinda kwenye chumba chenye mapazia meusi, mbele ya hadubini iliyofungwa juu ya meza isiyotikisika hata ukiipiga teke, akipiga picha za nyuzi zilizomo ndani ya seli moja ya ngozi. Tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwetu, na kadekezwa kupita kiasi. Nasema hivyo kwa mapenzi.

Kazi yake alinieleza mara tatu ndipo nikaielewa. Nyuzi hizo ni nyembamba mno. Zikiwaka zote kwa pamoja, unaona ukungu tu. Kwa hiyo anazipaka rangi inayowaka ikipigwa na mwanga wa leza, kisha anaifanya iwake kidogo kidogo, nukta hapa, nukta pale, kama madirisha ya ghorofa jioni. Kila nukta kompyuta inaiweka mahali pake. Baada ya picha elfu ishirini, nyuzi zinaonekana moja moja.

Zingeonekana, kama si mkosi. Kwa wiki tano kila picha ilitoka na mistari minene ya bluu, iliyojikunja, ikifunika kila kitu. Profesa wake, mama mpole lakini asiye na mchezo, akamwambia picha moja safi ifike Ijumaa, la sivyo zamu yake ya hadubini anapewa mwingine, naye atafute mada mpya. Mwaka mzima ungekwenda na maji.

Kitinda akaamini ni uchafu, akahamia kwenye usafi. Aliosha vioo, akaosha chupa, akaosha mikono hadi ikachubuka. Na koti lake jeupe la maabara, ambalo Mama alimfulia kila mwisho wa wiki, sasa akawa analileta nyumbani kila jioni. Hapo ndipo Mama alipoingia kazini kwelikweli. Mama hajui leza, lakini weupe anaujua. Alilifua kwa mkono, kwa ile sabuni ya unga ya kung'arisha, akalikagua mlangoni penye mwanga, na kola isipomridhisha anarudia.

"Mwanangu hatasimama mbele ya maprofesa na nguo iliyofubaa," alisema.

Cha ajabu, kadiri Kitinda alivyozidisha usafi, ndivyo mistari ilivyozidi.

Jumatano alikuja saluni kwangu kulia. Kazi yangu ni kuwapaka watu rangi za kucha. Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, nikamwambia, "Lia, lakini lete mkono, kucha zako zinatia aibu." Nilipomaliza akaingiza vidole kwenye taa ya kukaushia rangi. Alikuwa bado na koti mwilini. Pindo la mkono likaingia pamoja na vidole, likawaka bluu.

Mimi sikushtuka, taulo zangu nyeupe huwaka hivyo kila siku. Yeye akaacha kulia ghafla. Akautoa mkono, akauingiza tena.

"Dada, taa yako inafanya nguo iwake?"

"Nyeupe zote. Hasa zilizopita kwenye sabuni ya Mama."

Akavua koti, akalikung'uta juu ya meza yangu nyeusi, akanyanyua taa na kuimulika. Vinyuzi vya pamba vilikuwa vimetapakaa, vimejikunja, vya bluu. Sabuni ile ina dawa inayopokea mwanga tusiouona na kuurudisha ukiwa bluu, na kila alipoinama juu ya vioo vyake, koti lilivimwagia vinyuzi. Wiki tano mtoto wa watu alikuwa anapiga picha za ufuaji wa Mama. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Kitinda hakucheka. "Tutamwambiaje?"

Tulijaribu kila nguo ya saluni chini ya taa. Iliyobaki giza ni koti langu la kazi, jeusi, la kitambaa cha kuteleza, na mkasi umetariziwa mfukoni. Alhamisi akaingia nalo maabara. Profesa aliutazama ule mkasi, akaendelea na kazi yake. Alasiri picha ikaingia kwenye simu yangu: nyuzi nyembamba, moja moja, bila bluu popote. Kwa furaha nikamharibia mteja ukucha.

Kumwambia Mama kuliniangukia mimi. Jioni ile nilibeba taa hadi nyumbani. Mama akautia mkono wa lile koti jeupe chini ya taa, akautazama unavyowaka. Roho iliniuma. Kitinda akaanza kueleza kwamba kosa si la Mama, lakini Mama akamkatiza.

"Zile picha zilizoharibika unazo?"

Alikuwa nazo. Mama akavaa miwani, akaifuata mistari ya bluu kwa kidole.

"Mashine yote hiyo imeona kufua kwangu?"

"Imeona, Mama. Imeshindwa kuona kingine chochote."

"Basi ile safi mpelekee profesa wako. Hii nichapishie mimi, tena kubwa. Humu na mimi nimo."

Kitinda hakupoteza zamu yake. Na picha ya Mama imetundikwa kwenye fremu juu ya karo la kufulia. Mgeni akiuliza, Mama humwambia huo ni utafiti wa fizikia, wameufanya yeye na bintiye.