Mahindi Yaliyopandwa Jana Jioni

Aibu niliyoipata Mikinduri siwezi kuificha hata nikitaka, maana walioiona walijaa basi zima la shule, na wote wana midomo.

Mimi ni mtoto wa mkulima. Nililelewa na jembe, nikasomea kilimo ili nisilishike tena, kisha shirika moja likaniajiri niwafundishe akina mama wa Gachoka namna ya kulishika (Mungu naye ana mizaha yake). Kazi ilikuwa kuwashawishi wachimbe mashimo ya zai, yale mapana unayotia mbolea yakusanye maji ya mvua, halafu unapanda mahindi humo ndani. Mkataba wangu ulikuwa unaisha, na msimamizi wangu, Madam Kathure, alishaniambia wazi kwamba kikundi kikikataa mashimo, nianze kutafuta kazi kwingine.

Basi siku moja mwenyekiti wao, Mama Ciarunji, akaniuliza, "Ofisa, hii shimo wewe umechimba wapi?" Jibu la kweli lilikuwa "kwenye daftari." Mimi nikasema baba yangu kule Mikinduri hulima hivyo kila msimu, anavuna mpaka anagawia majirani. Uongo mdogo tu, wa kufunga mkutano.

"Sawa," akasema. "Tupeleke tuone na macho."

Na Madam Kathure, ambaye kwake huwezi kupata hata kikombe cha chai, akakodisha basi wiki hiyo hiyo, naye akapanda.

Nikampigia baba simu, nikamsihi achimbe mashimo ishirini upesi. "Na mahindi je?" akauliza. Nikamwambia afanye awezavyo, na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu baba yangu ukimwambia afanye awezavyo, anaweza.

Tulimkuta amevaa koti la kanisani. Wageni wakanywa chai, wakala mukimo, wakapelekwa shambani nikiwa mbele yao kama mwenye nchi. Mashimo ishirini, mstari sawasawa, na mahindi ya kufika kiunoni! Nikaanza kuhutubia. Nikaeleza kina, nikaeleza mbolea, na nilipofika kwenye unyevu ndipo nikaona majani yote yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa, lakini mdomo ulikuwa umeshashika kasi, nikaendelea tu.

Mama Ciarunji akainama, akashika shina moja kwa vidole viwili, akavuta. Likatoka lote. Chini halikuwa na mzizi hata mmoja, lilikuwa limekatwa kwa panga.

"Mzee," akauliza kwa heshima, "hii mahindi ulipanda lini?"

"Jana jioni!" akajibu baba kwa furaha. "Kijana alinipigia simu. Nikakata kwa shamba yangu ya huko juu, nikasimamisha hapa. Mgongo inauma, lakini kazi ya mtoto ni kazi."

Nilitamani ardhi inimeze, na mashimo ya kuchagua yalikuwa ishirini. Akina mama walicheka hadi wengine wakaketi chini. Lakini kilichoniuma si kicheko. Baba alikuwa ananitazama akingoja nimwambie asante, mzee wa watu, amefyeka mahindi yake mwenyewe ili mimi nionekane msomi.

Mama Ciarunji akajifunga leso kiunoni, akaomba jembe. "Mzee, hapa umechimba kama ya ndizi. Rudisha mchanga kidogo, hivi." Wenzake wakaingia kazini, na saa mbili baadaye shamba la baba lilikuwa na mashimo ya kweli. Kisha akamgeukia Madam Kathure: "Sisi tutachimba. Shimo haina shida. Shida ni mwalimu."

Mkataba nilipewa, wa miezi mitatu, kwa sharti kwamba nichimbe mashimo mia moja Gachoka kwa mikono yangu, na kikundi kikikaa kivulini kunikosoa. Malengelenge ninayo mpaka leo. Nimeapa sitamfundisha mtu jambo ambalo mikono yangu haijalifanya.

Si kwamba nina njia nyingine. Siku hizi nikifungua mdomo mkutanoni, Mama Ciarunji hutoa simu yake polepole. "Ngoja kwanza, ofisa, tuulize Mzee." Na baba, akiulizwa, bado anajibu ukweli.