Nikae ao Nitoke

Kazi yangu ni kusikiliza ardhi, na Kisangani si mahali pazuri pa kuifanyia. Mji wenyewe hautulii. Maporomoko ya Wagenia yanavuma mchana kutwa, malori yanaruka mashimo, na akina mama jirani na chuo wanatwanga pondu, majani ya muhogo, kana kwamba wana ugomvi nayo. Chombo chetu cha kupimia mitetemo kinaandika hayo yote. Kimefukiwa kwenye shimo la saruji nyuma ya darasa, nacho ni kimoja tu. Chombo kimoja kitakuambia tetemeko limetokea umbali gani. Ukitaka kujua upande, hapo unaanza kubahatisha.

Na setilaiti je? Ah, setilaiti! Inapita juu, inapiga miale ya rada, inarudi siku nyingine na kupiga tena, halafu sisi tunalinganisha picha mbili tuone kama ardhi imesogea, hata kwa upana wa ukucha. Kwenye nchi za mawe matupu wenzetu wanafuata mipasuko iliyojificha chini kabisa, ambayo jicho halijawahi kuiona. Sisi tuna msitu. Miale inagonga majani, na majani yameota, yameanguka, yamelowa, basi picha ya leo na ya juzi hazijuani. Nimekaa miaka mbele ya skrini yenye chenga tupu. Wageni wakiniuliza kwa nini utafiti wetu hauendi, natamani kuwapa panga waje wafyeke.

Tetemeko lililonigusa mimi lilitokea upande wa barabara ya Bengamisa, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Lilikuwa dogo, halikuua mtu siku ile. Lakini tonton wangu, yaani mjomba, alikuwa anakaa kule. Ni mdogo wa mama, ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma aliijenga mwenyewe, yeye na mke wake wakikanyaga udongo pamoja, na mke huyo amezikwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Nilipofika nilikuta ukuta wa chumba cha kulala umepasuka kutoka chini mpaka juu. Mkono wangu uliingia. Tonton alisimama akinitazama ninavyopima, kisha akauliza swali moja tu.

"Mutoto yangu, nikae ao nitoke?"

Angemwuliza nani mwingine? Alijinyima ili nisome mambo haya ya ardhi, na siku ardhi ilipomgusa yeye, nikabaki kukuna kichwa. "Ungoje kwanza, tonton," nikamwambia. "Nipime."

Ndipo tukasimika mabati. Rada ikikuta kona ya chuma, yaani mabati matatu yaliyounganishwa kama pembe ya sanduku na kuelekezwa juu, inarudishiwa miale yake yote, na kwenye picha inatokea nukta nyeupe ambayo msitu hauwezi kuifuta. Tulifyeka sehemu tatu, mbalimbali, na kona moja tukaisimika shambani kwa tonton. Kama chini ya kijiji kuna mpasuko na bado unasogea, nukta moja ingehama na nyingine zingebaki. Nilimwomba tonton ahakikishe hakuna mtu anayeigusa.

"Hata kuku haitakanyaga pale," akaniapia.

Mvua zikaanza, na katikati ya msimu picha mpya ikafika: nukta ya tonton ilikuwa imehama. Nilipiga kelele ofisini. Nasema ukweli, nilifurahi, nilizunguka meza nikicheza, maana baada ya miaka yote ile ya chenga nilikuwa nimeona kitu. Ilichukua muda nikumbuke kwamba nukta ile ni shamba la mtu. Nikatafuta pikipiki.

Kona niliikuta imesimama, imeoshwa, inang'aa. Ila nati hazikuwepo. Mabati yalikuwa yamefungwa kwa waya.

"Tonton, nani amegusa hii?"

"Mimi."

Kijiji kilikuwa na matanga. Jirani yake naye alikuwa na ukuta uliopasuka siku ya tetemeko. Mvua iliulowesha mpaka ukaanguka, ukamfunika binti yake aliyekuwa ndani anachambua mchele. Na kwetu mtu akifa, kitu cha kwanza ni mabati. Kila nyumba inatoa lake, yanapangwa juu ya miti, wafiwa wakae chini yake na marehemu. Bati la matanga hakuna anayelinyima.

Nilipandwa na hasira. "Nilikuambia nini, tonton? Nilikuambia nini? Msimu mzima umekwenda bure!"

Hakupandisha sauti. "Mvua ilikuwa inanyesha mingi. Mama yake iko chini na mutoto, iko inalowana. Bati iko pale shambani, inaangalia juu. Alors niseme nini? Niseme ile iko ya satelite?"

Niliinama nikashika ule waya. Yeye akaanza kunifariji, eti aliirudisha fasi yake ileile, mahali palepale, alipima na macho. Lakini rada haihitaji zaidi ya upana wa ukucha. Kilichohama kilikuwa bati. Kama ardhi nayo ilihama msimu ule, mimi sitajua kamwe.

Tukaenda nyumbani. Ufa ulikuwa umeongezeka, kwa mvua au kwa ardhi kusogea, nani ajuaye? Tonton alikuwa amehamisha kitanda, amekisogeza kwenye ukuta wa pili, kana kwamba ukuta wa kwanza ukianguka huo ungebaki. Akakaa juu yake.

"Bon. Sasa uniambie. Nikae ao nitoke?"

Sikuwa na picha, sikuwa na namba. Kichwani mwangu alikuwepo yule binti na ungo wake tu.

"Toka, tonton."

"Satelite ndiyo inasema?"

"Hapana. Ni mimi."

Kisha akainuka, akaanza kufungua chandarua.

Sasa anakaa kwangu, Kisangani, chumba cha uani. Amekonda. Maji ya hapa anasema yana harufu, samaki wa hapa anasema wamechoka. Akisikia mtu ametoka Bengamisa anamfuata mpaka sokoni kumwuliza kama kaburi la mke wake limefagiliwa, na jibu ni lilelile: majani tu. Hajanilaumu hata mara moja. Angenitukana ningepumua.

Mabati tuliyafunga upya, kwa nati za kweli, na mwenye matanga siku hizi anapelekewa turubai la chuo. Picha zinakuja safi. Nukta zote tatu zimetulia, hakuna hata moja inayohama, na watu kule wanaendelea kuishi, kana kwamba nilimtoa tonton bure. Kila picha mpya ikifika, tonton anasimama mlangoni.

"Imesogea?"

"Bado, tonton."

"Na nyumba iko inasimama?"

"Iko inasimama."

Anarudi uani, anakaa akitazama ukuta wa jirani. Kule kuna yule mama aliyezika binti yake, kuna watoto wanaolala kando ya nyufa zilezile, nawajua kwa sura, wengine kwa sauti. Na bado, kila nikifungua picha, kabla sijajizuia, moyo wangu unaomba ardhi isogee.