Nilivyomwingiza Bibi Kwenye Kompyuta

Naanza kwa kukiri: kwenye hii stori bwege ni mimi. Waliokulia Arusha enzi zile vitu vya nje vimeanza kumiminika watanielewa. Wadogo zetu wa leo watacheka, na wacheke tu, maana hata kaseti ukiwapa hawajui inaingilia upande gani.

Tulikuwa tunakaa Levolosi, nyumba ya wapangaji wengi na choo kimoja. Baba alikuwa anauza mitumba, siku za soko anapanda Ngaramtoni na marobota yake. Siku moja karudi na kompyuta, kauziwa na ofisi fulani ya utalii iliyokuwa inatoa vitu vyake vya zamani. Kioo kina kisogo kama tangi la maji. Mama akaitazama, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cha kufuma, akaifunika. Kwetu kila kitu cha maana kilifunikwa: redio, tivii, kochi, mpaka jagi la maji. Jioni kitambaa kikifunuliwa, watoto wa jirani wanajazana mlangoni, kila mmoja na kipande chake cha muhogo, kuangalia tu inavyowaka.

Mimi nilikuwa nimemaliza la saba, kazi sina, nikajipa ufundi. Nyaya nilichomeka kwa kufuata rangi, kijani kwenye kijani, pinki kwenye pinki. Spika haikuja nazo, kwa hiyo nikanunua waya nikaiunganisha na redio kubwa ya Baba. Nikaazima sidii ya nyimbo kwa mshkaji wangu wa mtaa wa pili, nikaisukuma ndani, nikabonyeza. Muziki ukatoka. Harufu ya vumbi lililopata moto naikumbuka mpaka leo. Baba akavua kofia.

"Kumbe shuleni ulikuwa unaenda kweli," akasema.

Hapo kichwa kikavimba.

Sasa, bibi yangu mzaa Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Akheri. Ujanani ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo kwenye kwaya ya usharika wao, na ilibaki kaseti moja tu yenye sauti yake. Redio ilishaanza kuitafuna, kila mara tunairudisha utepe kwa kalamu ya biki. Kipaimara cha dada yangu Upendo kilikuwa kinakaribia na Mama alitaka wageni wamsikie Bibi, ila aliogopa kaseti itakatika kabla. Nikamwambia aniachie mimi, nitaihamishia kwenye kompyuta, humo haikatiki.

Kumbe ule waya wangu ningeugeuza tu, ungeitoa sauti kwenye redio ukaipeleka kwenye kompyuta. Nani aniambie? Mimi nilichukua kipaza sauti kidogo, nikakifunga kwa kamba ya kiatu mbele ya spika ya redio, nikakiegemeza kwenye mche wa sabuni.

"Jamani nyamazeni, narekodi," nikatangaza uani.

Bibi alikuwa kwenye kochi anachambua maharage. Mimi macho yote kwenye kioo, nashangaa kale kamstari kanavyocheza. Kaseti ilipoisha nikasikiliza mwanzo, safi kabisa, nikafunga. Wiki ile ile redio ikaitafuna kaseti mpaka ikawa kama tambi. Mama akalia. Nikamwambia, "Mama, tulia. Bibi yuko ndani."

Siku ya kipaimara sebule ilijaa. Pilau, ndizi nyama, loshoro ya mahindi na maziwa mgando kwa ajili ya wazee, mchungaji kwenye kochi la heshima. Nikafunua kitambaa kwa madaha. Kwaya ikaingia, na juu yake sauti ya Bibi akiwa binti, nyembamba, inapanda bila kutetereka. Mama akajifuta macho na khanga. Halafu jogoo akawika.

"Mama Upendo, una kiberiti?" redio ikauliza.

"Kipo dirishani. Na sahani yangu uirudishe."

Watu wote wakamgeukia jirani yetu mwenye sauti ile ya kiberiti. Alikuwa na sahani mkononi, ya Mama. Kisha ikafuata sauti yangu, ile inayobadilika, nusu mtoto nusu debe: "Nyamazeni, nimesema narekodi." Mchungaji alicheka mpaka pilau likampalia. Na chini ya zogo lote hilo, maharage yakidondoka kwenye bakuli, Bibi mzee alikuwa anaimba taratibu, sauti ya pili, pamoja na Bibi binti.

Siku hizi mwanangu ana nyimbo za dunia nzima kwenye simu, kaziba masikio, anaruka wimbo kabla haujafika kiitikio. Hajawahi kusubiri wimbo hata siku moja. Nyimbo zake ni safi kweli, hakuna anayekohoa humo wala anayeulizia kiberiti. Namwonea huruma kidogo, ingawa yeye anasema ni mimi wa kuonewa huruma.

Basi siku ile ya kipaimara nikakimbilia nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye karo la kufulia. Kaseti imekufa, na kilichobaki ndicho nilichokiharibu. Bibi akanifuata na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, Bibi. Nisamehe."

"Marahaba." Akanywa kwanza. "Yule binti anajua kuimba, ila ana haraka. Afadhali umemwekea mtu mzima wa kumshika. Mimi niache humo humo, mjukuu wangu. Huyo jogoo ndiye umtoe."