Nilitafsiri Uongo Mbele ya Mama, Wakapiga Vigelegele

Admin, nisitiri. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko Masasi, nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Nina aibu sana. Dukani nikikuta watu wengi narudi nyumbani bila chumvi. Hiki kisa nimekiandika mara nne nikikifuta. Leo nimechoka kufuta.

Mama yangu anabangua korosho kwenye banda la tajiri mmoja huku Lisekese, tangu sijazaliwa. Mafuta ya maganda yamemla vidole, akienda kusajili laini ya simu alama hazisomi, anaambiwa, "Mama, kanawe ujaribu tena." Ananawa wapi na ndiyo ngozi yenyewe?

Msimu huu tajiri alimleta fundi wa Kichina aje kufunga mashine ya kubangua. Wanawake walimuuliza kama ana watoto, akaonyesha picha ya binti yake Mei, basi tangu siku hiyo anaitwa Baba Mei. Walimfundisha shikamoo, akaipenda, anamwamkia kila mtu hata mimi. Nimwitikie marahaba mtu mwenye mvi! Mama Zuhura, ndiye mwenye mdomo pale bandani, humwambia, "Baba Mei, nioe basi nikabangue huko kwenu." Natafsiri mimi, kwa sababu yeye ana Kiingereza cha kuokoteza na mimi sekondari nimesoma kwa Kiingereza. Maneno ya watu yananitoka vizuri. Yangu ndiyo hayatoki.

Tukiwa wawili alikuwa ananisimulia. Kwao yeye na mdogo wake walikuwa kiwanda cha viatu. Ikaja mikono ya chuma, ikachukua kazi ya gundi, halafu kushona, halafu kufungasha. Anasema siku hizi mle ndani hawawashi hata taa, maana mashine haihitaji kuona. Yeye akapata safari ya huku, mdogo wake akaangukia kusambaza vyakula kwa pikipiki, na sasa anasikia hata hiyo itafanywa na vigari visivyo na dereva. "Mtaani kwetu wote wanaulizia Afrika," aliniambia. "Huku bado mtu anahitajika." Nikaitikia kwa kichwa. Sikuuliza ni mtu gani.

Wiki mbili zilizopita tukaitwa kikao. Tajiri mwenyewe alisafiri, akamwachia Baba Mei aseme. Wanawake wakakaa juu ya magunia. Baba Mei akaongea polepole akiangalia viatu vyake: msimu ukiisha mashine inafungwa na kuanza kazi. Mdogo wake na wenzake wawili watakuja kuiendesha, tajiri amekubali kwa sababu mashine wameshazizoea. Wanawake sita watabaki kuchambua korosho. Waliobaki watafute kazi nyingine. Akamalizia kwa kuomba msamaha.

Nikageuka kutafsiri. Mama hakuwa anamtazama Mchina, alikuwa ananitazama mimi, kashika shavu, anatabasamu, mwanawe anaongea Kizungu mbele ya watu. Nikasema, "Mashine inakuja. Na walimu watatu wanakuja." Mama Zuhura akadakia, "Kutufundisha sisi kuendesha?" Nikasema ndiyo.

Ilikuwa ndiyo moja tu. Wakapiga vigelegele, Mama Zuhura akamfunga Baba Mei kanga kiunoni, wakamchezesha katikati ya magunia. Baba Mei alilia kweli kweli. Akaniambia, "Sisi walipotutangazia, watu walirusha viti. Hawa wanafurahi ndugu yangu apate kazi. Ninyi ni watu wa namna gani?" Kesho yake akampigia mdogo wake simu ya video, akawazungushia wote. "Karibu mwalimu! Karibu shemeji!" Yule ndugu, mwembamba, yuko barabarani na kofia yake ya pikipiki, akawa anainamisha kichwa tu. Akauliza kupitia kwa kaka yake wanasemaje. Nikamwambia wanakukaribisha. Hapo sikudanganya.

Sasa mama ana mikorosho Chiwata, aliachiwa na bibi, ndiyo tunayoitegemea banda likifungwa. Jumapili akasema anaikodisha misimu mitatu. "Nikishashika mashine nani atapalilia, nani atapulizia dawa? Wewe utakuwa shule." Mjomba akamwambia, "Dada, si usubiri kwanza uione hiyo mashine?" Mama akamjibu, "Mwanangu ndiye kasema kwa mdomo wake. Wewe Kiingereza unakijua?" Mjomba akanitazama. Mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Jumamosi hii yeye na anayeikodi wanakwenda Chiwata na mashahidi. Akishasaini, miti si yake mpaka misimu hiyo iishe, na bandani nafasi ni sita tu.

Msiniambie nimchukie Baba Mei, nimejaribu nikashindwa. Wale mashine imewafukuza kwao, na wanakuja huku kuifuata. Mama yangu akifukuzwa ataifuata wapi? Usingizi sipati mpaka alfajiri, na kila asubuhi ananiamsha akiimba.

Admin, ombi moja. Mama Zuhura anafuata ukurasa huu, na saa nne wakipumzika kunywa uji huwasomea wenzake visa kwa sauti. Naomba kiweke Ijumaa asubuhi. Jina langu lifiche kwa wengine wote, ila pale bandani wakifika kwenye kanga ya Baba Mei watakuwa wameshanijua. Nitakuwa nimekaa karibu na mama. Ninyi mliowahi kuharibu jambo kwa sababu ya kumwonea mtu huruma, nishaurini: akigeuka kunitazama, neno la kwanza nimwambie nini?